Talaka kwa Wanandoa Wasio na Watoto

Mahakama inayovunja ndoa Tanzania Bara hukabiliwa na maswali makubwa manne: je, ndoa imevunjika kweli, mali zigawanywe vipi, matunzo yatolewe au la, na watoto wakae na nani. Wanandoa wasio na watoto huliruka swali la mwisho tu. Hayo matatu yaliyobaki huwahusu kama yanavyowahusu wengine wote, na ndoa yao haihesabiwi kuwa nyepesi kwa sababu haikuzaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotawala ndoa zote za Bara ziwe za Kiislamu, za Kikristo, za kimila au za kiserikali, inaieleza ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Watoto hawamo katika maelezo hayo.

Kinachobadilika ni mahali uzito wa shauri unapoangukia. Pasipo mtoto, shauri lote huegemea mali na ushahidi wa nani alichangia nini. Ndugu wa pande zote mbili huwa na sauti kubwa zaidi. Tena, kwa kuwa hakuna ada ya shule wala likizo ya mtoto inayowalazimisha wawili hao kuonana, wengi huachana kimyakimya bila kufika mahakamani, wakaacha nyuma ndoa ambayo kisheria ingali hai. Sura hii inaeleza safari nzima, kuanzia sababu za talaka hadi usajili wake.

Nani huhesabiwa hana watoto

Jambo hili huonekana dogo, lakini hukosewa mara nyingi. Mtoto aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama ni mtoto wa ndoa, na wazazi wake wakitalikiana, malezi na matunzo yake lazima yaamuliwe. Mke akiwa na ujauzito wakati shauri linaendelea, wanandoa hao nao wameshatoka katika kundi la wasio na watoto, hata kama mimba ni changa. Mtoto aliyezaliwa na mwanandoa mmoja kabla ya ndoa au nje yake ana haki zake kwa mzazi wake, ingawa si mtoto wa wote wawili.

Wapo pia watoto wa ndugu. Nyumba nyingi zisizo na mtoto wa kuzaa hulea mtoto wa dada au wa kaka, akasomeshwa na kukuzwa hapo kwa miaka, bila karatasi yoyote ya kuasili. Talaka inapofika, mtoto huyo kwa kawaida hurudi kwa wazazi wake au hubaki na yule aliye ndugu yake wa damu. Walezi wanaotaka ulezi wao utambuliwe kisheria hupaswa kuomba amri ya mahakama mapema, wakati nyumba ingali na amani.

Ugumba si sababu ya talaka peke yake

Sheria inatambua sababu moja tu ya talaka, nayo ni kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kifungu cha 107 kinataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kama ushahidi wa hali hiyo: uzinzi, upotovu wa tabia ya kujamiiana, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekeza wajibu kwa makusudi, kumtoroka mwenzi kwa miaka isiyopungua 3, kutengana kwa hiari au kwa amri ya mahakama kwa miaka 3, kifungo cha maisha au cha miaka isiyopungua 5, ugonjwa wa akili usiotibika uliothibitishwa na madaktari wasiopungua wawili, na kubadili dini pale ambapo kwa mujibu wa dini hiyo ndoa huvunjika. Mahakama hailazimiki kubaki ndani ya orodha hiyo, lakini kukosa mtoto hakumo.

Kwa hiyo mume anayesimama mbele ya hakimu na kusema “miaka 8 sasa, hajanizalia” hajatoa sababu ya talaka. Mke anayesema mumewe hana uwezo wa kumpa ujauzito yuko katika hali hiyohiyo. Aghalabu suala la uzazi huingia kwa mlango wa pembeni, kupitia yale ambayo watu hutendeana kwa sababu ya kukosa mtoto. Mke anayeitwa mgumba mbele ya wageni, anayenyimwa fedha za matumizi kwa kuwa “hana mdomo wa kulisha”, au anayefukuzwa chumbani na mawifi, anaweza kueleza ukatili wa akili. Akipigwa, ukatili ni wa mwili, na sheria inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Mume aliyekwenda kutafuta mtoto nje ya ndoa ametoa ushahidi wa uzinzi dhidi yake mwenyewe.

Kuoa mke wa pili nako kuna taratibu. Ndoa ya mke mmoja haigeuki kuwa ya wake wengi kwa uamuzi wa mume peke yake. Sheria inataka tamko la hiari la wote wawili, na ndoa iliyofungwa kanisani baina ya Wakristo haigeuzwi kabisa maadamu wote wawili wangali Wakristo. Hata katika ndoa inayoruhusu wake wengi, mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi, kwa mfano kwa kuonyesha kwamba kipato cha mume hakitoshi na nyumba itaumia.

Lawama za kukosa mtoto huangukia wanawake zaidi kuliko sayansi ya tiba inavyoonyesha. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba kuna ugumba pale mimba isipopatikana baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga, na mwaka 2023 lilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya 6 duniani hupitia hali hiyo katika maisha yake. Chanzo huweza kuwa kwa mwanamke, kwa mwanamume, kwa wote wawili, au kisijulikane. Mume ambaye hajawahi kupima mbegu hana msingi wa kumtangaza mkewe kuwa ndiye mwenye tatizo, na madai hayo yakifika mahakamani bila cheti cha daktari hubaki maneno matupu.

Ugumba usichanganywe na kushindwa au kukataa tendo la ndoa. Hapo sheria ina njia nyingine, ambayo si talaka. Ikiwa mmoja alikuwa hana uwezo wa kulitimiza tendo hilo wakati wa kufunga ndoa, au amekataa kwa makusudi kulitimiza tangu ndoa ifungwe, mwenzake anaweza kuiomba mahakama iibatilishe ndoa. Kinachotazamwa ni tendo lenyewe, na kushika mimba hakuulizwi.

Ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili

Wengi wanaotalikiana bila watoto ni wale ambao ndoa yao ni changa. Kwao kuna kizuizi maalumu: ombi la talaka halipokelewi kabla ya miaka 2 kupita tangu siku ya ndoa, isipokuwa kwa kibali cha mahakama. Kibali hicho hutolewa pale tu mwombaji anapoonyesha kwamba anapata mateso yasiyo ya kawaida. Kugombana kwa sababu ya mshahara, au kugundua kwamba mwenzi ni mvivu, hakufikii kiwango hicho. Kipigo cha mara kwa mara au hatari kwa maisha huweza kufikia.

Mwenye kusubiri hana haja ya kuvumilia chini ya dari moja. Anaweza kuomba amri ya kutengana, ambayo huwaondolea wanandoa wajibu wa kuishi pamoja bila kuvunja ndoa. Kizuizi cha miaka 2 hakigusi ombi la kutengana wala ombi la kubatilisha ndoa.

Baraza la usuluhishi

Kabla ya mahakama kuna baraza. Sheria inataka mgogoro wa ndoa upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Kila kata inapaswa kuwa nalo. Jumuiya za dini nazo zina mabaraza yaliyotambuliwa, na Waislamu wengi hupeleka migogoro yao kwenye mabaraza ya Baraza Kuu la Waislamu Tanzania (BAKWATA), huku Wakristo wakienda kwenye mabaraza ya makanisa yao.

Kazi ya baraza ni kusuluhisha. Halina mamlaka ya kuvunja ndoa, kugawa nyumba wala kumhukumu mtu. Wanandoa huketi mbele ya wajumbe, mlalamikaji huanza, mwenzake hujibu, na wajumbe huuliza. Mbele ya wenye watoto wajumbe huwa na hoja ya haraka: vumilianeni kwa ajili ya watoto. Mbele ya wasio na watoto maneno huelekea pande mbili. Baadhi ya wazee huwahimiza waende hospitali, kwenye maombi au kwa mganga, kana kwamba mtoto akipatikana ugomvi utakwisha. Wengine huwaambia waachane tu, kwa kuwa “hakuna kinachowafunga”. Kauli zote mbili huacha kazi ya baraza bila kufanywa, kwa kuwa wajibu wake ni kuusikiliza mgogoro ulioletwa na kuutafutia suluhu.

Suluhu ikishindikana, baraza hutoa hati inayothibitisha hivyo. Hati hiyo ndiyo tiketi ya kuingia mahakamani, na haipaswi kuwa imetolewa zaidi ya miezi 6 kabla ya ombi kufunguliwa. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inayosema “hawa wameshindwana” haiwi hati ya baraza. Mashauri mengi yamefutwa kwenye rufaa, baada ya mali kugawanywa na pande zote kuchoka, kwa sababu tu hati haikuwepo au ilikuwa na kasoro.

Sheria inaruhusu kuliruka baraza katika hali chache: mwenzi ametoroka na hajulikani aliko, anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, ameitwa barazani akakataa kwenda kwa makusudi, amefungwa maisha au miaka isiyopungua 5, ana ugonjwa wa akili usiotibika, au mahakama imeridhika kwamba kuna mazingira ya kipekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane.

Mahakamani

Ombi la talaka linaweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Zote zina mamlaka juu ya mashauri ya ndoa. Wananchi wengi huanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako gharama ni ndogo na taratibu ni nyepesi. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kutafuta msaada kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, au katika vyama vya msaada wa kisheria kwa wanawake kama TAWLA na WLAC.

Ombi hueleza ndoa ilifungwa lini na wapi, wanandoa wanaishi wapi, majina na umri wa watoto kama wapo, kiini cha mgogoro, na nafuu zinazoombwa. Asiye na mtoto huandika hivyo waziwazi. Kosa la kawaida hutokea kwenye nafuu: mtu huomba talaka tu, akidhani mali zitagawanywa zenyewe. Mgawanyo wa mali na matunzo havina budi kuombwa, na mali zitajwe moja moja pamoja na mahali zilipo.

Wote wawili wakikubaliana kuachana, mahakama bado lazima iridhike kwamba ndoa imevunjika. Makubaliano yao yanasaidia, lakini hayatoshi kuwa talaka. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa, na rufaa ya kwenda Mahakama Kuu hufunguliwa ndani ya siku 45.

Mali

Hapa ndipo shauri la wasio na watoto hukaa muda mrefu. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa na wanandoa kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Katika kugawa, mahakama huzingatia mila za jamii ya wanandoa, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo kama wapo. Baada ya hayo, inatakiwa kuelemea kwenye mgawanyo ulio sawa.

Katika vigezo hivyo vinne, kimoja hakipo kwa wasio na watoto. Matokeo yake huonekana kwenye nyumba ya kuishi. Mzazi anayebaki na watoto wadogo huweza kujenga hoja ya kuachiwa nyumba ili watoto wasihangaike. Asiye na mtoto hana hoja hiyo. Nyumba huthaminiwa, na ama mmoja humlipa mwenzake sehemu yake, ama huuzwa na fedha zikagawanywa. Mchango ndio unaobaki kuamua nani apate kiasi gani.

Mchango si mshahara peke yake. Kwa miaka kadhaa baada ya 1971 majaji wa Mahakama Kuu walitofautiana juu ya kazi za nyumbani: wengine walizihesabu, wengine waliziona kuwa ni wajibu wa kawaida wa mke usiompa sehemu katika mali. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilimaliza ubishi huo katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Iliamua kwamba kutunza nyumba na kumhudumia mume ni kazi inayohesabika kama mchango katika kupatikana kwa mali za ndoa. Uamuzi huo una uzito wa pekee kwa mke asiye na mtoto, kwa kuwa hoja ya kulea watoto haipo kwake, na upande wa mume hupenda kuuliza: alikuwa anafanya nini nyumbani siku nzima? Jibu la kisheria ni kwamba kupika, kufua, kusimamia mafundi, kuuguza wakwe na kulinda mali mume akiwa safarini ni kazi, awepo mtoto au asiwepo.

Hata hivyo, kuhesabiwa si sawa na kupata nusu. Kila mmoja anapaswa kuthibitisha alichochangia. Mali iliyosajiliwa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Iliyosajiliwa kwa majina mawili hudhaniwa kuwa ya wote kwa usawa. Zawadi ambayo mwanandoa alimpa mwenzake hudhaniwa kuwa ya aliyepewa. Mali ya kabla ya ndoa, au ya urithi, hubaki ya mwenyewe, isipokuwa iwe imeendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake au kwa juhudi za wote wawili.

Mfano utaonyesha jinsi kanuni hizi zinavyofanya kazi pamoja. Mume amenunua kiwanja Kihonda, Morogoro, miaka 2 kabla ya ndoa, kwa jina lake. Baada ya harusi wanajenga nyumba ya vyumba vitatu. Mume, mwajiriwa, ananunua saruji, nondo na tofali, na analipa mafundi. Mke anauza vitenge sokoni; anakopa katika kikundi chake cha kuweka na kukopa (VICOBA) na kununua bati zote na madirisha. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni anamwagilia maji kuta mpya, na jioni anahesabu mifuko ya saruji iliyotumika. Wananunua pia bajaji kwa jina la mke, iliyolipiwa kwa mkopo wa mume kutoka chama cha akiba na mikopo (SACCOS), na deni la shilingi 3,000,000 bado halijaisha. Baada ya miaka 9 bila mtoto, ndoa inavunjika.

Mume atadai kwamba nyumba ni yake kwa kuwa kiwanja kilikuwa chake. Kiwanja kitupu kweli kilikuwa chake, na mahakama itauzingatia mchango huo. Lakini nyumba iliyosimama juu yake ni matokeo ya juhudi za wote wawili, hivyo inaingia kwenye mgawanyo. Mke atadai bajaji kwa sababu kadi ina jina lake. Mume anaweza kuonyesha makato ya SACCOS kwenye hati zake za mshahara na kuthibitisha kwamba ilinunuliwa kwa ajili ya kipato cha nyumba. Deni lililobaki nalo hugawanywa, kwa kuwa lilikopwa kwa faida ya wote. Mke atapimwa kwa bati na madirisha, kwa usimamizi wa ujenzi, na kwa miaka 9 ya kuitunza nyumba. Akiwa na daftari la VICOBA na risiti ya duka la vifaa vya ujenzi, hoja yake inasimama. Akiwa na maneno tu, atahitaji mashahidi: fundi, jirani, mweka hazina wa kikundi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaongeza kinga mbili. Ardhi iliyoandikwa kwa jina la mwanandoa mmoja, ambayo mwenzake ameiendeleza au kuitunza kwa nguvu zake, humpa huyo mwenzake haki ndani yake. Na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Anayehofia nyumba itauzwa kabla ya shauri kwisha anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati au kuomba amri ya mahakama ya kusimamisha uuzaji.

Walioishi pamoja bila kufunga ndoa nao hawakuachwa. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi, jamii ikawajua kama mume na mke, sheria hudhani kwamba wamefunga ndoa. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini hata ikipingwa mahakama inaweza kutoa nafuu za mali na matunzo.

Matunzo

Mume ana wajibu wa kumtunza mkewe ndoa ikiwa hai, na mahakama inaweza kuamuru matunzo wakati shauri linaendelea au wanapotengana. Baada ya talaka mambo hubadilika: matunzo ya mke aliyeachwa hutolewa tu kukiwa na sababu maalumu yenye uzito. Ugonjwa, ulemavu, au umri mkubwa usiomruhusu kuanza kazi upya ni mambo ya kueleza. Mwanamke kijana, mwenye afya na asiye na mtoto wa kumfunga nyumbani, hupata shida zaidi kuishawishi mahakama, na ndiyo maana sehemu yake katika mali huwa na umuhimu mkubwa zaidi. Mke naye anaweza kuamriwa kumtunza mume asiyejiweza kwa maradhi au majeraha. Haki ya matunzo hukoma anayelipwa anapofunga ndoa nyingine.

Mahari na mila

Kutolipwa mahari hakubatilishi ndoa, na kuirudisha hakuleti talaka. Hata hivyo katika jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba, ng’ombe au fedha za mahari hudaiwa ndoa inapovunjika, na hapo watoto huingia kwenye hesabu: kila mtoto aliyezaliwa hupunguza kinachorudishwa. Familia ya mke asiyezaa hujikuta ikidaiwa yote, na shinikizo hilo humrudisha binti kwenye ndoa yenye kipigo kwa sababu baba yake ameshawauza ng’ombe. Mwanamke katika hali hiyo anapaswa kujua kwamba deni la mahari, kama lipo, ni shauri lingine. Haliwezi kuzuia ombi lake la talaka.

Mila ya urithi nayo hueleza kwa nini baadhi ya wanawake wasio na watoto huona afadhali kutalikiwa na kupata sehemu yao kuliko kusubiri. Kwa kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963, mjane hana sehemu katika urithi wa mumewe endapo wapo ndugu wa ukoo wa marehemu. Hutegemea kutunzwa na watoto wake. Asiye na watoto hana wa kumtegemea. Mgawanyo chini ya kifungu cha 114 huangalia mchango, si ukoo.

Taratibu za dini

Kwa Waislamu, talaka, khului (mke kujivua katika ndoa kwa fidia) na kuvunjwa kwa ndoa na kadhi vina kanuni zake, na kutokuwa na watoto hugusa mambo machache tu. Mwanamke aliyeachwa kabla ya kuingiliwa hana eda, na hupata nusu ya mahari iliyotajwa. Aliyeingiliwa hukaa eda ya tohara tatu, au miezi mitatu kama hapati hedhi, na muda huo huonyesha pia kama ana mimba. Wakati wa eda ya talaka rejea mume anaweza kumrejea mkewe, matunzo yanaendelea, na mmoja akifa mwenzake hurithi: mke robo na mume nusu pasipo mtoto, badala ya thumuni na robo anapokuwepo mtoto. Kisheria, tamko la talaka pekee halikamilishi mambo Bara. Baraza likishatoa hati ya kushindwa kusuluhisha, kisha ikatolewa talaka kwa mujibu wa dini, mahakama huipokea na kutamka kwamba ndoa imevunjika.

Kanisa Katoliki halitambui talaka ya mahakama kuwa imevunja ndoa ya kanisani. Katika sheria za Kanisa ugumba hauzuii wala haubatilishi ndoa. Kinachoibatilisha ni kutoweza tendo la ndoa kabisa, hali iliyokuwepo kabla ya ndoa na ya kudumu. Anayetaka kufunga ndoa tena kanisani huhitaji uamuzi wa mahakama ya Kanisa kwamba ndoa ya kwanza ilikuwa batili, hata kama ana amri ya talaka ya serikali mkononi.

Zanzibar na Kenya

Sheria ya mwaka 1971 haitumiki Zanzibar, ambako ndoa za Waislamu ziko chini ya Mahakama za Kadhi. Nchini Kenya, talaka inatawaliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, na mali na Sheria ya Mali za Ndoa ya mwaka 2013. Sheria hii ya pili inautaja mchango usio wa fedha kwa mapana: kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usimamizi wa biashara, kazi za shamba, na hata uandani wa wanandoa. Huo wa mwisho hauhitaji mtoto. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba haumaanishi kila mmoja apewe nusu moja kwa moja. Mchango lazima uthibitishwe. Pande zote mbili za mpaka, basi, mwenye ushahidi ndiye mwenye nguvu.

Kuachana bila talaka

Wengi wasio na watoto hufunga mizigo, wakagawana vyombo mbele ya wazee, na kila mmoja akashika njia yake. Ndoa yao haijavunjika. Yule aliyefunga ndoa ya mke mmoja akioa tena, ndoa ya pili ni batili, na huyo mke wa pili anaweza kugundua hilo siku ya msiba. Aliyeondoka miaka 10 iliyopita bado ni mwenzi wa marehemu, anaweza kujitokeza kwenye mirathi na kwenye mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya NSSF au PSSSF. Mwenye nyumba anayeomba mkopo benki atatakiwa kuleta ridhaa ya mwenzi ambaye hajui aliko. Ushahidi wa mali nao huchakaa: mafundi huhama, vikundi huvunjika, risiti hufutika wino.

Amri ya talaka ikitolewa, na muda wa rufaa ukipita bila rufaa au rufaa ikimalizika, kazi inayobaki ni ya ofisi. Nakala ya amri hupelekwa kwa Msajili Mkuu, na talaka husajiliwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ambako mhusika hupata cheti cha talaka. Cheti hicho ndicho kitakachodaiwa akitaka kufunga ndoa nyingine ya kiserikali. Aliyepewa sehemu katika nyumba na hajalipwa huomba mahakama ikazie hukumu, ikibidi kwa mnada. Jina la mwenzi wa zamani huondolewa kwenye orodha ya wategemezi wa bima ya afya, kwenye fomu za warithi wa mfuko wa hifadhi ya jamii na kwenye akaunti za pamoja. Hati ya kiwanja hubadilishwa kulingana na mgawanyo, na wosia wa zamani huandikwa upya.